Kalamu ya Rais wa Marekani na usahihi wa GPS

SWALI: Mwanafunzi wa upimaji ardhi aliyeko Morogoro anaandika: “Tumefundishwa kwamba hadi mwaka 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga makusudi mawimbi ya GPS, na kwamba Rais Bill Clinton aliikomesha hali hiyo kwa usiku mmoja. Je, Rais anaweza kuamua jambo la uzito huo peke yake bila Bunge? Nyaraka anazotumia zina nguvu ya sheria? Na je, Rais mwingine anaweza kuirudisha kasoro ile wakati wowote, nasi tulioko huku vipimo vyetu vikaharibika?”

JIBU: Ndugu msomaji, Clinton alikuwa na mamlaka ya kufanya alichokifanya na hakuhitaji kura hata moja ya Bunge. Ukiishia hapo, hata hivyo, utakuwa umeelewa nusu tu ya jambo, kwa sababu uamuzi wa Mei 2000 ulitokana na waraka uliotiwa saini miaka minne kabla, na unasimama hadi leo kwa sababu ambazo nyingi hazimo ndani ya waraka wowote wa Rais. Nitaanza na GPS yenyewe, kisha nieleze nyaraka hizi ni kitu gani, kwa kuwa bila mfano ulio hai mjadala wa mamlaka ya Rais huwa maneno matupu.

GPS, mfumo wa setilaiti unaomwezesha mtu kujua mahali alipo, ni mali ya jeshi la Marekani tangu ilipozaliwa. Setilaiti yake ya kwanza ilirushwa Februari 1978, na mwaka 1995 mfumo ulitangazwa kuwa umekamilika ukiwa na setilaiti 24. Uliundwa ukiwa na huduma mbili: moja ya usahihi wa juu, iliyofungwa kwa msimbo wa siri kwa ajili ya majeshi ya Marekani na washirika wake, na nyingine ya wazi kwa raia. Majaribio ya mwanzo yalionyesha kwamba hata huduma ya raia ilikuwa sahihi kuliko ilivyotarajiwa, na makamanda wakahofia kuwa adui angeitumia kuelekeza makombora. Ndipo ikawekwa kasoro ya makusudi. Saa zilizomo ndani ya setilaiti zilivurugwa kidogo kidogo kwa mpangilio ambao mtu asiye na ufunguo wa siri hakuweza kuukisia. GPS hupima umbali kwa kupima muda ambao mawimbi hutumia kusafiri. Kwa hiyo kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la takriban mita 300 katika umbali. Kuanzia Machi 1990, raia mwenye kipokezi alihakikishiwa usahihi wa takriban mita 100 za ulalo kwa asilimia 95 ya muda. Wewe unayesomea upimaji unajua maana yake: nukta uliyoisoma kwenye kipokezi ingeweza kuangukia shamba la mtu mwingine kabisa.

Husimuliwa mara nyingi kwamba Ronald Reagan ndiye aliyewapa raia GPS kwa waraka, baada ya ndege ya abiria ya Korea, safari namba 007, kutunguliwa na ndege ya kivita ya Umoja wa Kisovyeti tarehe 1 Septemba 1983 na watu 269 kufa. Masimulizi hayo yanachanganya mambo mawili. Waraka uliotoka siku zile, uliopewa namba NSDD-102 na kutiwa saini tarehe 5 Septemba, ulihusu namna ya kuikabili Moscow kidiplomasia. Ahadi kwamba GPS ingefunguliwa kwa ndege za kiraia itakapokuwa tayari ilitolewa katika tamko la Ikulu tarehe 16 Septemba, na huduma ya raia ilikuwa tayari imo katika muundo wa mfumo. Nimelitaja jambo hili mapema kwa sababu lina uzito katika swali lako: si kila neno linalotoka Ikulu ya Marekani ni waraka wa maelekezo, na wakati mwingine tamko lisilo na namba huishi muda mrefu kuliko hati yenye muhuri wa siri.

Kasoro ile ilianza kuwasumbua wenyewe mapema sana. Vita vya Ghuba vilipokaribia mwaka 1990, jeshi la Marekani halikuwa na vipokezi vya kijeshi vya kutosha, hivyo maelfu ya askari wakapelekwa jangwani na vipokezi vya kiraia, na Wizara ya Ulinzi ikalazimika kuizima kasoro ili askari wake wenyewe wasipotee. Baada ya vita ikawashwa tena. Wakati huohuo, Walinzi wa Pwani wa Marekani walikuwa wakijenga vituo kandokando ya bahari vinavyotangaza masahihisho kwa meli: kipokezi kinawekwa mahali panapojulikana kwa usahihi, kinapima kosa la kila setilaiti, na kosa hilo linatangazwa kwa redio ili vipokezi vya jirani vijirekebishe. Mamlaka ya usafiri wa anga nayo ikaandaa mpango wake wa masahihisho kwa ajili ya ndege. Serikali moja, kwa fedha za walipa kodi walewale, ilikuwa ikivuruga mawimbi kwa mkono mmoja na kuyasahihisha kwa mkono wa pili. Mwaka 1995 jopo lililoundwa chini ya Baraza la Taifa la Utafiti la nchi hiyo lilipendekeza wazi kwamba kasoro iondolewe.

Hapo ndipo waraka wa maelekezo ulipofanya kazi yake. Machi 1996 Clinton alitia saini PDD/NSTC-6. Namba hiyo ya sehemu mbili inaonyesha kwamba uliandaliwa na Baraza la Usalama wa Taifa pamoja na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, yaani wanausalama na wanasayansi walikaa meza moja, jambo lisilo la kawaida katika historia ya nyaraka hizi. Uliahidi kwamba huduma ya raia ingeendelea kutolewa duniani kote bila ada. Ulitangaza nia ya kuiondoa kasoro ndani ya miaka kumi, na kwamba kuanzia mwaka 2000 Rais angeamua kila mwaka kama iendelee au la. Ukaiagiza Wizara ya Ulinzi itumie muda huo kutafuta njia ya kumnyima adui mawimbi katika eneo la vita pekee, bila kuwaumiza watumiaji wa kiraia kwingineko. Ukaunda pia bodi ya pamoja ambamo Wizara ya Uchukuzi ilikaa sawa na Wizara ya Ulinzi.

Nauona waraka ule kuwa mmojawapo wa bora zaidi katika uwanja huu, na sababu yangu ni hiyo ya muda. Rais hakuwalazimisha majenerali waache silaha yao siku hiyohiyo. Aliwapa kipindi, akawapa kazi ya kufanya ndani ya kipindi hicho, na akaujulisha umma tarehe ambayo hoja ingerudi mezani. Jeshi lilipoonyesha kwamba linaweza kuyazuia mawimbi katika eneo mahususi, hoja ya kuendelea kuivuruga dunia nzima ilikosa mtetezi. Tarehe 1 Mei 2000 Clinton alitangaza kwamba kasoro ingezimwa usiku huo, na watumiaji wa kawaida wakaona usahihi wao ukiongezeka takriban mara kumi. Ulichofundishwa kwamba ilitokea kwa usiku mmoja ni kweli kwa upande wa swichi, lakini kwa upande wa siasa ilikuwa safari ya miaka.

Sasa tuje kwenye nguvu ya nyaraka zenyewe. Baraza la Usalama wa Taifa la Marekani liliundwa kwa sheria ya mwaka 1947, na tangu hapo kila Rais amekuwa na mfululizo wake wa hati za kuelekeza wizara, majeshi na idara za ujasusi. Majina hubadilika kila Ikulu inapopata mpangaji mpya: za Kennedy na Johnson ziliitwa NSAM, za Reagan NSDD, za Clinton PDD, za Obama PPD, za Biden NSM. Trump, katika muhula wake wa kwanza, aliongeza mfululizo maalumu wa sera za anga za juu, kuanzia SPD-1 hadi SPD-7. Mabadiliko ya jina hayabadilishi kitu cha msingi, ila humchosha mtafiti.

Tofauti kati ya nyaraka hizi na amri za kiutendaji, zile ambazo Rais huzitia saini mbele ya kamera, iko zaidi katika uchapishaji. Kwa sheria ya mwaka 1935, amri ya kiutendaji yenye athari kwa umma sharti ichapishwe katika gazeti la Serikali. Waraka wa maelekezo haubanwi na sharti hilo, na nyingi hubaki siri kwa miongo. Kuhusu nguvu ya kisheria, ofisi ya ushauri wa sheria katika Wizara ya Haki ilitoa maoni yake Januari 2000: waraka wa maelekezo una nguvu sawa na amri ya kiutendaji, kwa kuwa kinachohesabika ni uamuzi wa Rais wala si umbo la karatasi, na haufi Rais anapoondoka madarakani isipokuwa wenyewe useme hivyo. Nguvu hiyo, hata hivyo, huishia ndani ya mhimili wa Serikali. Waraka humfunga waziri, jenerali na mkurugenzi wa idara. Hauwezi kumtoza raia kodi wala kutunga kosa la jinai. Mahakama ya Juu ya Marekani iliuweka mpaka huo mwaka 1952 ilipomzuia Rais Truman kutwaa viwanda vya chuma wakati wa vita vya Korea. Katika kesi hiyo Jaji Robert Jackson alieleza kwamba mamlaka ya Rais huwa juu kabisa anapotenda kwa idhini ya Kongresi, yaani Bunge la Marekani, na huwa chini kabisa anapotenda kinyume cha utashi wake.

Anga za juu zinatoa mifano mizuri ya mpaka huo. Tarehe 12 Novemba 1963 Kennedy alitia saini NSAM 271, akimwagiza mkuu wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, aandae mapendekezo ya kushirikiana na Wasovyeti katika safari za anga, zikiwamo za kwenda Mwezini. Siku kumi baadaye aliuawa. Kongresi, ambayo haikulipenda wazo hilo, ikaweka katika sheria ya matumizi kifungu kilichokataza fedha kutumika kwa safari ya pamoja ya binadamu kwenda Mwezini na nchi nyingine bila ridhaa yake. Saini ya Rais ilikuwapo, fedha hazikuwapo. Miaka 55 baadaye, Juni 2018, Trump alitangaza hadharani kwamba anataka Jeshi la Anga za Juu liwe tawi jipya la majeshi. SPD-4 ya Februari 2019, ukiisoma kwa makini, haikuunda jeshi lolote: iliiagiza Wizara ya Ulinzi iandae muswada. Jeshi hilo lilizaliwa Desemba 2019 kwa sheria ya Kongresi, kwa kuwa kuunda tawi la majeshi ni kazi ya Bunge.

Teknolojia ya kompyuta nayo ina mfano ambao ningependa kila mwanafunzi wa utawala aujue. Septemba 1984 Reagan alitia saini NSDD-145, ulioupa uongozi wa kijasusi, hasa shirika la NSA, nafasi kubwa katika kulinda mifumo ya kompyuta, ikiwamo ya wizara za kiraia. Mwaka 1986 ikafuata sera ya Ikulu iliyotaka hata taarifa zisizo za siri zilindwe kwa kuwa ati ni nyeti. Wakutubi, wenye kampuni za hifadhidata na wabunge walipinga, wakiuliza kwa nini shirika la kijasusi lisimamie taarifa za wazi. Sera ikaondolewa mwaka 1987, na Januari 1988 ikaanza kutumika sheria ya usalama wa kompyuta iliyolikabidhi shirika la kiraia la viwango kazi ya kusimamia mifumo isiyo ya siri. Mwaka 1990 Rais Bush, baba, aliubadilisha waraka wa 1984 kwa NSD-42, uliojikita katika mifumo ya usalama wa taifa pekee. Katika mvutano ule Kongresi iliweka mpaka, na Rais aliyefuata akaurekebisha waraka uendane nao.

Rais huyohuyo aliyeandika NSDD-145 ndiye aliyeandika NSDD-189 ya Septemba 1985, kurasa chache tu, isemayo kwamba utafiti wa msingi wa kisayansi uwe huru kuchapishwa kadiri iwezekanavyo, na kwamba ikilazimu kuuzuia, njia iwe kuutangaza kuwa siri rasmi, wala si vikwazo vingine. Waraka huo haukuwahi kugeuzwa kuwa sheria, lakini marais waliofuata hawakuufuta, na mwaka 2001, wiki chache tu baada ya mashambulizi ya Septemba, Ikulu ya Bush, mwana, ilithibitisha kwa barua kwamba bado unatumika. Vyuo vikuu viliujengea kanuni zao, na hilo ndilo lililoupa maisha.

Usiri ndio udhaifu mkubwa wa utaratibu huu, na hapa sina budi kusema wazi kwamba naungana na wanaoulalamikia. NSPD-54, hati ya Bush, mwana, ya Januari 2008, iliyoweka mpango mzima wa usalama wa mitandao ya Serikali, ilifichwa kwa miaka, na hati yenyewe ilitolewa mwaka 2014 baada ya asasi ya kutetea faragha kwenda mahakamani. PPD-20 ya 2012, kuhusu mashambulizi ya kimtandao, ilijulikana mwaka 2013 kwa sababu Edward Snowden, aliyekuwa mfanyakazi wa kandarasi wa NSA, aliivujisha. Uvujaji huohuo ndio uliomsukuma Obama kutoa PPD-28 Januari 2014, uliotamka kwamba hata wasio raia wa Marekani wana maslahi ya faragha yanayopaswa kuzingatiwa idara za ujasusi zinapokusanya mawasiliano. Ulikuwa ni waraka unaotuhusu sisi tulioko Morogoro na Mombasa moja kwa moja, ingawa hatukupiga kura wala hatuna mbunge kule. Na mwaka 2022 sehemu yake kubwa ilifutwa na nafasi yake kuchukuliwa na amri ya kiutendaji ya Biden. Anayelindwa na waraka peke yake hulindwa kwa muda ambao Rais aliyepo ataridhia.

Ndiyo maana swali lako la mwisho ni la msingi. Kama usahihi wa GPS ungetegemea waraka pekee, ningekujibu kwamba ndiyo, unaweza kutenguliwa. Lakini mambo kadhaa yameuzunguka. Oktoba 1994 Marekani iliahidi kwa barua kwa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga kwamba huduma ya raia itatolewa bila ada, na kwamba itatoa taarifa angalau miaka 6 kabla ya kuisitisha. Ahadi ile, ukiichunguza, ilikuwa bado ni ya usahihi wa mita 100, kwa hiyo ililinda huduma, haikulinda ubora wake. Novemba 1997 Kongresi iliingiza katika sheria wajibu wa Wizara ya Ulinzi kudumisha huduma ya raia duniani kote bila ada ya moja kwa moja, na hapo jambo la bure likatoka mikononi mwa Rais peke yake. Kuhusu usahihi wenyewe, hatua kubwa kabisa ilikuja Septemba 2007, Serikali ilipotangaza kwamba haitanunua tena setilaiti zenye uwezo wa kuweka kasoro ile. Setilaiti za kizazi cha GPS III, zilizoanza kurushwa Desemba 2018, hazina uwezo huo kabisa, na Rais hawezi kuwasha kwa saini kifaa ambacho hakikuwekwa. Juu ya hayo, Ulaya ilijenga Galileo, Urusi inayo GLONASS na China BeiDou, na kipokezi unachokitumia chuoni bila shaka husoma mifumo zaidi ya mmoja. Marekani ikiiharibu huduma yake itakuwa imewahamishia washindani watumiaji wake.

Hofu inayobaki ni ya namna nyingine. Uwezo wa kuyazuia mawimbi katika eneo mahususi, ule ulioagizwa mwaka 1996, bado upo kisheria na kijeshi, na majeshi ya mataifa mengine yana uwezo kama huo, kama wanavyoshuhudia marubani wanaopita mashariki ya Mediterania na karibu na Bahari ya Baltiki. SPD-7, sera inayoiongoza GPS hivi sasa, inakiri hatari hiyo na kuwataka watumiaji wa kiraia wasitegemee chanzo kimoja cha mahali na muda. Ilitiwa saini tarehe 15 Januari 2021, siku 5 kabla ya Trump kukabidhi madaraka kwa Biden, na Biden hakuifuta. Kwa kazi yako ya upimaji, maana yake ni kuendelea kufunga kazi kwenye alama za msingi zilizosimikwa ardhini na kuhifadhi data ghafi za kila kipimo, ili kosa likitokea, liwe limetoka kwa yeyote yule, uweze kuligundua mwenyewe.